Nyumba za "bei nafuu" nje ya Kampala na mkopo wake: nimeenda, nimeona, nimepiga hesabu

Nianze na maksi kabisa manake najua wengi mnaruka maneno mnatafuta nyota. Nyumba yenyewe naipa 3 kwa 5. Watu wanaokupokea pale saiti nawapa 4. Mkopo wa kuinunulia naupa 1, na hiyo 1 ni kwa sababu yule dada wa benki alinieleza kila kitu bila kunificha. Jina la kampuni sitataji na benki vilevile, msianze kuniuliza, kwanza sitaki kesi, pili hii habari si ya benki moja, zunguka zote mjini utapewa hesabu ileile ila brosha rangi tofauti.

Ili mjue nani anaongea: tunapanga upande wa Kawempe, mizigo miwili (muzigo ni chumba cha kupanga) tumetoboa mlango katikati kwa ruhusa ya landilodi, watoto watatu, mume wangu anafundisha praimari ya serikali na mimi nafanya mahesabu kwenye ofisi ya mabasi. Si watu wa kuombewa msaada lakini pia si watu wa Kololo. Yaani sisi ndo wale tangazo linawaita "mwananchi wa kipato cha chini na cha kati", hata familia iliyopigwa picha kwenye lile bango inafanana na sisi, tofauti wao wanacheka.

Haya, nyumba. Ni flati, ghorofa nne bila lifti, vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, bafu na choo ndani. Ile ya kuonyesha wateja wameipangia vitanda vidogo vidogo ili chumba kionekane kikubwa, mi nikatoa tepu ya fundi niliyokuwa nayo kwenye begi nikaanza kupima, kijana wa mauzo akacheka sana akasema nnyabo, yaani mama, leo umekuja na injinia. Chumba cha pili dabodeka inaingia, ila ukishaiweka mlango haufunguki wote, unaingia kwa upande. Kabati la nguo sahau, labda upige misumari ukutani. Sebule iko sawa, ina mwanga, dirisha kubwa na wavu wa mbu umeshafungwa, hapo niliwapa heko.

Jikoni ndo niliposimama muda mrefu. Sinki nzuri, vigae vimepigwa kwa mstari, makabati ya juu na chini. Lakini sigiri ya mkaa inakaa wapi? Nikauliza, wanasema hapa ni gesi nnyabo. Sawa, gesi hata sisi tunayo ya chai na mayai, lakini maharage makavu nani Uganda anayachemsha kwa gesi saa tatu nzima, na siku wageni wamekuja na matooke yanatakiwa yaive taratibu kwenye majani utafanyaje? Watu watatoa sigiri balkoni, na ile balkoni upana wake ni wa mtu mmoja kugeuka, moshi utapanda kwa jirani wa juu mwenye nguo zake kwenye kamba, na hapo chama cha wakazi kitaanza na ugomvi kabla hakijachagua mwenyekiti. Aliyechora hii ramani sidhani kama amewahi kukaa na mama mkwe.

Mazuri yapo mengi tu. Kila nyumba ina mita yake ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, mtu aliyewahi kugawana mita moja na wapangaji sita anajua hii ni raha ya namna gani, manake kwetu kila siku ya kununua yuniti kuna mmoja "amesafiri". Maji yanatoka na kuna tanki. Kuta niligonga, ni bloku imara, lipu haina nyufa isipokuwa kona ya dirisha la bafu, nikawaonyesha wakaandika kwenye daftari. Watoto wana sehemu ya kucheza iliyozungushiwa. Choo ni chako, hupangi foleni asubuhi na ndoo mkononi unamsubiri mtu anayeongea na simu ndani ya stansi. Ubaya mwingine ni barabara ya kuingia, mvua ikinyesha boda wanakataa au wanakutajia bei ya ndege, na kutoka pale mpaka mjini ni boda halafu taxi mbili, ukijumlisha nauli ya watu wawili kwenda na kurudi mwezi mzima unakuta una kodi ya pili hujaambiwa.

Sasa pesa. Bei shilingi za Uganda milioni 150. Dipoziti asilimia 20, yaani milioni 30 mkononi kabla hujaonja. Inabaki milioni 120 ambayo benki inakupa kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka 20. Dada wa benki akabonyeza kompyuta akanigeuzia skrini: milioni 1 na laki 7 na elfu 60 hivi kila mwezi. Nikafikiri amekosea nukta. Nikarudia mwenyewe kwenye simu, ndo hivyo hivyo. Zidisha kwa miezi 240 unapata zaidi ya milioni 422. Umekopa milioni 120 unarudisha 422, na ile 30 ya dipoziti iko pembeni. Bado stampu dyuti ya kuhamisha hati, asilimia 1.5, hapo ni milioni 2 na laki 2 na nusu, bado wa kuthamini nyumba, bado wakili, bado bima.

Na hawakupi tu kwa sababu unataka. Wanaangalia peisilipu, wanataka rejesho lisizidi nusu ya kinachobaki baada ya makato. Maana yake uwe unabeba nyumbani kama milioni 3 na nusu kwa mwezi. Mwalimu wa praimari wa gredi ya tatu mshahara wake uko karibu 500,000, na hiyo ni kabla kodi ya PAYE haijapita. Wangu ukiuweka juu ya wa mume wangu bado hatufikii hata rejesho lenyewe, tuseme basi tusile, tusilipe skuli fizi, tusiugue, bado hatufiki. Nikamuuliza yule dada kwa utani kwamba hawa wa kipato cha chini ni wa nchi gani, akacheka kidogo akasema wateja wake wengi ni watu wa NGO, watu walioko kyeyo, yaani wanaofanya kazi nchi za nje, na wafanyabiashara, tena wengine wananunua kupangisha. Angalau hakunidanganya, ndo maana nikasema 1 isiyo 0.

Mume wangu tulipotoka akakasirika akasema hii ndo kazi ya serikali, iweke pesa ya bei rahisi kwenye mabenki, riba ishuke, mwananchi anunue nyumba. Na najua wengi wenu mnasema hivyo hivyo. Mi nikamwambia tupige hesabu kwanza kabla ya hasira.

Riba kwa nini iko juu? Benki inapokea akiba ambazo watu wanatoa muhula ukifungua, haziwezi kulala miaka 20. Halafu serikali yenyewe inakopa kwa bondi, na bondi za miaka mingi zimekuwa zikilipa asilimia 15 na kupanda. Wewe ungekuwa benki, ungemwachia mwalimu wa Kawempe kwa asilimia 12 wakati hazina inakulipa 15 huna hata haja ya kumtafuta mtu na barua za kudai? Kwa hiyo ili riba ishuke lazima mtu ajaze tofauti, na mtu huyo ni mlipa kodi, ambaye ni mimi ninaponunua sabuni.

Tuseme serikali imekubali, ikashusha mpaka asilimia 7. Milioni 120, miaka 20, rejesho linakuwa kama 930,000. Limeshuka kweli, karibu nusu. Lakini bado ni karibu mara mbili ya mshahara wote wa mwalimu. Atakayeingia ni yule anayebeba nyumbani kuanzia milioni 1 na laki 9. Na serikali itakuwa inamlipia huyo mtu kila mwezi ile tofauti, ambayo ni 830,000. Soma tena hapo. Mtu mwenye karibu milioni 2 anachangiwa kila mwezi pesa inayozidi mshahara mzima wa mwalimu, na mwalimu anabaki kwenye muzigo akichangia kupitia kodi. Mume wangu alinyamaza, halafu akasema basi wapunguze bei ya nyumba. Sawa, ipunguze iwe milioni 75, riba iwe 7, dipoziti ileile ya asilimia 20, rejesho ni 465,000. Mwalimu bado hawezi. Hapo ndo nikaelewa kwamba ukimtaka mtu wa chini anunue nyumba iliyokwisha, yenye vigae na makabati, hakuna msaada wa riba unaomfikia, utamwishia mtu wa kati na wa juu yake.

Na hii si nadharia, serikali yetu imeshasaidia watu kupata nyumba, tena vizuri sana. Zile flati za Bugolobi, za Wandegeya, za Bukoto, zilikuwa nyumba za kupangisha za National Housing, shirika la nyumba la serikali, Sheria ya Kondominiamu ya 2001 ikatoka, flati moja moja ikaweza kuwa na hati yake, wapangaji waliokuwa ndani wakauziwa. Kabla ya hapo miaka ya 90 nyumba za serikali walizokaa watumishi nazo ziliuzwa. Waliopata hawakuwa akina mama wa sokoni, walikuwa watumishi waliokuwa tayari wana ufunguo mfukoni. Siwaonei wivu, walinunua kihalali, na ukipita Bugolobi leo ukauliza bei ya flati utajua walipata nini. Ninachosema ni kwamba msaada ulikuwepo, ulikwenda kwa aliyekuwa karibu na mlango.

Halafu angalia Naguru na Nakawa. Ile ilikuwa esteti ya zamani ya wafanyakazi, 2011 wapangaji wakatolewa nyumba zikabomolewa, ahadi ilikuwa mji mdogo wa kisasa, nyumba zaidi ya 1,700, na wale wa zamani wangepewa nafasi ya kwanza kununua. 2013 Rais akaweka jiwe la msingi. Mkataba ule ulikuja kuvunjwa, nyumba zile za ahadi hazikupatikana. Kuna watoto waliokulia pale leo ni watu wazima wana watoto wao wanapanga Kireka na Banda. Sasa watu wa Kasokoso, mtaa wa kule Kireka, wakisikia National Housing inataka kuwajengea esteti ya kisasa wakakataa, wakagombana, wenye magazeti wakawaita watu wasiopenda maendeleo. Kwani walikuwa hawaoni mbali? Wamekaa hapo kilomita chache tu kutoka Nakawa, walijua.

Dada yangu ameolewa Busia upande wa Kenya, wao wanakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba, na mwajiri anaweka 1.5 nyingine, sheria yao ilipita 2024 baada ya mahakama kuipinga ile ya kwanza. Yeye ana nyumba yake tayari kijijini, anasema anawajengea watu wa Nairobi. Zile nyumba zinajengwa lakini, hilo sitawanyima, na vijana wamepata kazi saiti. Ila ukileta hiyo hapa kwetu mwalimu atakatwa 7,500 kila mwezi ajenge flati ambayo tumeshaona hawezi kuingia. Sitaki. Watu wa mishahara Uganda ni wachache, wengine wote ni duka, shamba, boda, na huko hakuna peisilipu ya kukata, kwa hiyo mzigo wote utawalalia walewale wanaokatwa kila kitu.

Sasa kuna kitu kimoja siku ile nilipokwenda saiti, ilikuwa siku ya maonyesho, ambacho watu wengi walipita bila kukiangalia, na ndicho kinachonifanya niandike yote haya. Pembeni ya hema la wauzaji na benki, karibu na vyoo, kulikuwa na meza ndogo, kijana mmoja, hana brosha ya kung'aa, ana karatasi zilizopigwa fotokopi. Ni mkopo wa kujenga polepole. Wanakupa milioni 3, milioni 5, mpaka 10, ununue mabati, au umalize madirisha, au uchimbe choo. Hawataki kyapa, yaani hati ya ardhi. Wanataka mkataba wa kibanja (kipande unachokaa kwenye ardhi ambayo kyapa chake ni cha mtu mwingine), barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, picha za jengo lilipofikia na wadhamini wawili. Unamaliza hatua moja wanakuja kuona, unakopa ya pili. Huyo kijana alielewa nyumba zinavyojengwa Uganda kuliko hema zima. Manake sisi tunajengaje? Unanunua kibanja mwaka huu, mwaka kesho unamwaga mawe, tofali unaziweka chini ya nailoni, mtu anaingia nyumba haina lipu, anapangisha chumba kimoja ili amalizie kingine. Zunguka Wakiso yote, Mukono, Matugga, kilichojengwa kimejengwa hivyo, si kwa mogeji, ule mkopo wa nyumba wa benki.

Huduma ya meza hiyo naipa 4. Imepoteza nyota kwa riba. Asilimia 2 kwa mwezi, miaka mitatu. Milioni 10 unarudisha kama 392,000 kila mwezi, jumla milioni 14 na kidogo. Ni nyingi, lakini ona tofauti: hapo tumeshaingia kwenye namba ambazo watu kama sisi tunaweza kukaa mezani tukazijadili bila kucheka. Sasa piga hivi, serikali iweke dhamana, riba iwe asilimia 1 kwa mwezi na muda uwe miaka mitano, rejesho linashuka mpaka 222,000. Hiyo inakaribia kodi tunayolipa kwa ile mizigo yetu miwili. Hapo msaada umemgusa mwalimu, umemgusa mama wa nyanya, umemgusa askari wa konstebo. Pesa ileile ambayo serikali ingemjazia mtu mmoja wa flati kwa mwezi, huku ingewapunguzia watu wengi hivi hivi bila kukata utepe wowote. Labda ndo tatizo lake, haina utepe.

Na tusiambiwe serikali haina njia ya kufikisha pesa chini. PDM, ule mpango wa serikali wa kukopesha watu kupitia parishi, ilianza 2022, kila parishi milioni 100 kwa mwaka, kaya inachukua milioni 1 kwa asilimia 6. Malalamiko ni mengi, mjomba wangu alipata nguruwe wawili wakafa, lakini pesa ilifika kijijini, mnyororo upo. Kwa nini choo na paa visiwe na dirisha lao?

Kuna kingine ambacho hata hakihitaji mkopo. Ukinunua saruji unalipa VAT asilimia 18, na juu yake kuna ushuru wa shilingi 500 kwa mfuko wa kilo 50. Mfuko ukiwa 35,000, karibu 5,800 ni ya serikali. Ukitumia mifuko 100 kumaliza nyumba ndogo umeipa hazina 580,000, hatujagusa mabati wala nondo wala rangi. Halafu serikali hiyohiyo ikutangazie kwamba inatafuta namna ya kukusaidia upate nyumba! Ianze kwa kuondoa mkono wake kwenye mfuko wangu wa saruji. Najua ukiondoa kodi kwa saruji wenye maghorofa ya Kololo nao wanafaidi, na wao wanatumia mifuko mingi kuliko mimi, hilo nimelifikiria na sina dawa yake nzuri, pengine kurudishiwa kupitia sacco ukionyesha risiti na hatua ya jengo. Watu wa mahesabu wenzangu mtanisahihisha.

Ila kikubwa kuliko saruji ni ardhi. Mtu anakaa kibanja miaka 30, analipa busuulu, ile ada ya mwenye ardhi, asubuhi moja anakuta mwenye kyapa ameuza kwa tajiri na greda limeshafika. Nani atamalizia nyumba yake kwa wasiwasi huo? Ndo maana unaona nyumba nyingi za udongo kwenye mailo ya Buganda, yaani ardhi ya wenye kyapa binafsi, wakati mwenyewe ana uwezo wa tofali, anaogopa. Sheria ya Ardhi ya 1998 iliweka Mfuko wa Ardhi, na kazi yake mojawapo ni kumkopesha mwenye kibanja amlipe mwenye kyapa wamalizane apate hati yake. Sheria ipo tangu mimi nasoma praimari! Jaza huo mfuko. Mtu akishika hati yake hutamlazimisha kujenga, atajenga hata kwa kuuza mbuzi mmoja mmoja, na mabenki yatamfuata yenyewe kwa sababu sasa ana kitu cha kuweka.

Kuna rafiki yangu wa kazini, mtu wa mahesabu kama mimi, yeye anasema serikali isijiingize kabisa, hospitali hazina dawa, kila mtu ajijengee. Namuelewa, na kwa hizi flati za milioni 150 niko upande wake kabisa, shilingi yangu isiende huko. Lakini yeye mwenyewe amejenga kwa pesa ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, ile sheria iliyobadilishwa 2022 ikaruhusu mwanachama mwenye miaka 45 na aliyeweka akiba miaka 10 kuchukua mpaka asilimia 20. Akaezeka nyumba yote. Nani aliandika hiyo sheria? Serikali. Haikumpa hata senti, ilimfungulia tu pesa yake mwenyewe. Mume wangu hana hiyo bahati manake walimu wa serikali hawako NSSF, wao wanasubiri penseni uzeeni, na nyumba unaihitaji watoto wakiwa wadogo, si siku umeshika fimbo. Penseni hiyo hana namna ya kuigusa sasa, hata asilimia 20 yake. Hilo nalo lingeweza kurekebishwa.

Sisi tumeamua nini? Flati tumeiacha. Karatasi ya yule kijana wa pembeni iko kwenye droo, kibanja tunacho kidogo upande wa Matugga, msingi umeshamwagwa, tunasubiri barua ya mwenyekiti ambaye naye anataka chai yake kabla ya kugonga muhuri.

Kwa wale ambao bado mnaweza flati, na mpo, msione aibu, nendeni mkaangalie, nyumba si mbaya. Nendeni siku ya mvua muione hiyo barabara. Bebeni tepu. Mwambieni benki awaandikie jumla yote mpaka mwezi wa mwisho, si rejesho la mwezi tu, na awaandikie kama riba inaweza kupanda katikati, manake kwa wengi inapanda. Ulizeni pesa ya mlinzi, taka na ngazi ni kiasi gani kwa mwezi, hiyo hawaisemi mpaka uulize. Na ulizeni hati ni ya namna gani, friholdi, mailo au lizi, na kama ni lizi imebaki miaka mingapi. Kijana wa mauzo aliniambia ni lizi ya miaka 49, nikamuuliza imeanza kuhesabiwa lini, akasema ngoja aulize ofisini, akachukua namba yangu ya simu, na mpaka leo nadhani bado anauliza.